Nyumba Tupu, Kibokoni

Jumamosi, 2 Agosti

Chakula cha mchana kwa binamu yangu Fahmi, Kizingo. Nimerudi sijielewi.

Sebule yake tupu! Nilipotoa salamu mlangoni, salamu ilinirudia kutoka ukutani. Nikadhani wameibiwa, nikaanza kumpa pole. Fahmi akacheka, mkewe akacheka, pole yangu ikabaki mdomoni. Kumbe wameamua wenyewe. Kochi moja jeupe, meza moja isiyozidi sinia kwa ukubwa, mmea mmoja. Basi! Hakuna kabati, hakuna pazia, hakuna hata picha ya marehemu ami, babake. Tulikuwa wageni wanne. Wawili tulikula tumesimama.

Fahmi akaeleza kwa sauti ya daktari: kila kitu ndani ya nyumba lazima kijieleze kinafanya nini pale. Kikishindwa, kitoke. Tangu avitoe vitu vyake, anapumua vizuri na presha imeshuka. Kisha akanitazama kwa huruma. "Wewe, Salem, huwezi. Na nyumba yenu ile ya Kibokoni, huwezi kutoa hata kijiko."

Hata kijiko! Mbele ya mke wangu!

Nimeingia nyumbani kwa macho mapya. Saa za ukutani tatu, inayokwenda moja. Kiti chenye mkono mmoja. Kabati la vioo limejaa vikombe ambavyo havijapata kuonja chai. Na goti langu limegonga kasha lile lile ninaloligonga tangu nina miaka sita. Sasa nina arobaini na minane.

Nimeamua. Kabla ya mwezi kwisha, nyumba hii itakuwa tupu.

Jumapili, 3 Agosti

Mkutano wa familia baada ya chai. Nimetangaza kanuni: kila mtu alete vitu kumi visivyo na kazi. Nusu saa.

Mke wangu Alawiya alirudi baada ya dakika nne. Nikampongeza kwanza, kisha nikatazama. Vyote kumi ni vyangu! Shati langu la harusi. Redio yangu. Pampu ya baiskeli. Akanikumbusha kwamba baiskeli yenyewe iliibwa mwaka aliozaliwa binti yetu Hanin, na Hanin sasa ana miaka kumi na mitatu. Akauliza kama alete kumi vingine. Hata uvunguni alikuwa hajafika, alisema.

Hanin akaleta kitabu cha hisabati.

Mama, Bi Ummukulthum, akaleta kitu kimoja: balbu iliyoungua. Akaiweka mezani taratibu. Akaitazama. Akasema, "Hii aliinunua marehemu baba yako." Akaichukua, akarudi nayo chumbani.

Vilivyotoka nyumbani: hakuna. Vilivyoponea chupuchupu: kumi, vyangu.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimempigia Fahmi simu anipe siri. Kasema: ficha kitu. Siku tatu zikipita bila kuulizwa, kitu hicho hakina kazi.

Kabla ya kwenda kazini nimetoa kabatini birika na vikombe ishirini na vinne, nikavisukuma chini ya kitanda. Sijafika mlangoni, sauti ya Mama: "Nani alogusa vikombe vyangu?"

Alikuwa orofa ya juu! Kabati liko chini! Nimemwuliza amejuaje. Kasema amesikia nyumba imenyamaza vibaya.

Nimevirudisha kimoja kimoja, yeye akihesabu. Nimechelewa ofisini saa moja na nusu.

Jumatano, 6 Agosti

Nafasi! Mama, Alawiya na Hanin wamekwenda Malindi kwenye hitima ya shangazi yake Mama. Hawarudi mpaka Jumapili. Nimepiga simu ofisini kwetu Mbaraki, tunakoshughulikia mizigo ya bandarini, nimesema mgongo.

Ufunguo wa stoo ya chini Mama hamwachii mtu. Safari hii kaniachia, maana mita ya stima imo humo na msomaji anapita wiki hii. Kanionya: fungua, asome, funga.

Nimefungua. Nikabaki kizingitini mdomo wazi. Masufuria! Masufuria manane, kila moja mtu mzima anaweza kukoga ndani yake. Masinia sitini. Miiko mirefu kunizidi. Majamvi yamekunjwa na kupangwa mpaka darini. Na sisi ni watu wanne! Alawiya akila mahamri mawili kamaliza. Ni nani huyo ambaye Mama anangojea kumpikia?

Nikamkumbuka Wekesa wa ofisini. Juzi alisema mkewe Truphosa, kiongozi wa akina mama kanisani kwao, anatafuta masufuria makubwa ya kongamano. Nimempigia. Saa tano kafika na pikapu.

Mtu mwangalifu, Wekesa. Kaniuliza mara tatu kama Mama anajua. Mara ya tatu nikamwambia mimi ndiye mwanamume wa nyumba hii. Akaniomba nirudie, asikie vizuri. Nikarudia.

Saa nane stoo ilikuwa tupu. Mgongo sasa unauma kweli.

Alhamisi, 7 Agosti

Raha! Nimefagia stoo, nimepiga chokaa, nimeweka kiti kimoja katikati. Nimempelekea Fahmi picha. Kajibu neno moja: Mashallah. Ni wivu ule, naujua.

Nimekaa kwenye kiti nijaribu kupumua kama yeye. Baada ya dakika kumi sikuwa na la kutazama. Nimekaa saa nzima hata hivyo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nitaandika pole pole.

Natoka msikitini, jirani yetu Gharib kanishika mkono. Binti yake anaolewa Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Nikampa hongera. Akashukuru, kisha akasema, kama mtu anayesema habari ya mvua: "Basi Ijumaa asubuhi watu wangu watapita kwenu kuchukua vyombo vya mtaa. Mwambie Bi Ummukulthum nitayahitaji masufuria yote manane."

Nikamwuliza vyombo vya mtaa ni vipi.

Akacheka sana, akanipiga begani. Akasema nina mzaha kama marehemu baba yangu.

Sikuwa na mzaha! Alipoona uso wangu akanieleza kama anavyoelezwa mgeni. Vyombo vile vilinunuliwa na wanawake wa mtaa, sufuria moja baada ya nyingine, tangu bibi yangu yu hai. Harusi zetu, misiba yetu, maulidi yetu, yote hupikiwa humo. Mama ndiye aliyeaminiwa kuviweka. Miaka thelathini na moja, haujapotea mwiko.

Mimi mwenyewe nilipooa walikula watu mia nne kutoka masufuria yale! Nilidhani yametoka… sijui nilidhani yametoka wapi. Nilikuwa bwana harusi.

Nimekaa kwenye baraza ya watu nisiowajua. Wamenipa maji.

Nikampigia Wekesa. Kasema kwa furaha kwamba vyombo vimefika salama. Vimefika wapi? Voi! Akina mama mia tatu, kongamano la wiki nzima. Linakwisha Jumapili ya tarehe kumi na saba.

Siku moja baada ya harusi.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi nimekwenda kwa wakodishaji vyombo watatu. Agosti nzima wana harusi. Mmoja kaniuliza kwa nini nisiende kuazima vyombo vya mtaa wa Kibokoni, ndivyo vizuri kuliko vyote kisiwani. Nikamshukuru.

Wekesa kanionea huruma. Kasema karibu na ofisi yetu kuna godauni ambamo mtu fulani ameweka vyombo vya nyumba mpaka juu, huenda akatusaidia. Tukaenda baada ya adhuhuri. Mlinzi akasema tuna bahati, mwenyewe yumo ndani.

Makochi ya mahameli mekundu, moja juu ya jingine. Makabati matano. Mazulia, mapazia, mashine ya kukimbilia, taa ya vioo ya kuning'iniza. Ukutani, marehemu ami ananitazama kutoka kwenye picha yake. Na chini ya picha, kwenye kochi la kujilaza, viatu chini, miguu juu, kikombe cha kahawa mkononi: Fahmi!

Tukatazamana. Kahawa ikammwagikia.

"Salem," akasema. "Nani kakuonyesha huku?"

"Wewe wafanya nini humu?"

Akafuta kanzu yake kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nimekuja kukaa. Kwangu hakuna pa kukaa."

Hakutoa kitu! Hata hicho kijiko hakukitoa! Mkewe ndiye aliyetaka nyumba nyeupe, na anaamini vitu vyote vilitolewa sadaka. Fahmi huja hapa kila Jumamosi, na Jumatano akipata upenyo. Husoma gazeti. Hulala kidogo. Huondoka akiwa amepumua. Hiyo ndiyo presha iliyoshuka!

Sikujua kama nimekasirika au nimefurahi. Wekesa alitoka nje kwa adabu, nikamsikia akicheka na mlinzi.

Tumekubaliana. Jumatatu Fahmi atanipeleka Voi kwa gari lake. Nami sikuona kitu godauni. Nilipoondoka nilijaribu kochi moja la mahameli. Dakika tano tu. Laini ajabu.

Jumapili, 10 Agosti

Wamerudi alasiri. Nilikuwa nimejiandaa: ufunguo wa stoo nimeuvunjia ndani ya kufuli kwa koleo. Nikawapokea kwa uso wa huzuni, nikawaeleza ajali ilivyotokea.

Mama akasema hapana neno. Akatia mkono kifuani, akatoa ufunguo wa pili.

Wa pili! Miaka yote hii!

Haukuingia, alhamdulillahi, kipande kimeziba. Mama akanitazama kwa muda ambao sikuupenda. Akasema kesho ataita fundi. Alawiya akauliza kwa nini mlango unanuka chokaa. Nimesema ni unyevu.

Jumatatu, 11 Agosti

Voi, na Fahmi. Njiani kanifundisha la kusema.

Kongamano liko kwenye shule moja nje ya mji. Masufuria yote manane yako motoni kwa mistari miwili, moshi umejaa uwanja. Truphosa yuko katikati, mwiko wa Mama mkononi, anaongoza kama kapteni wa meli. Kaja mbio kunilaki, kanishika mikono miwili, kasema akina mama wananiombea kila asubuhi kwa jina.

Kwa jina!

Nikasema nilichofundishwa: kwamba nimesikia masufuria ya zamani ya aina ile yana madhara mwilini, na kwa kuwajali nimekuja kuyaondoa. Sauti yangu ilikwenda mbali kuliko nilivyotaka. Foleni nzima ya akina mama ikasimama. Mmoja akatema wali.

Truphosa hakusimama. Alichota kijiko, akaonja, akameza, akanitazama.

"Baba Hanin," akasema, "mimi nimefundisha darasa la tatu miaka ishirini. Mtoto akinidanganya namwona masikioni. Yako yamekuwa mekundu." Kisha polepole: "Mama anajua?"

Nikatazama chini. Fahmi, aliyenitungia uongo wenyewe, ndiye aliyejibu. "Hajui, dada. Wala vyombo si vyao. Ni vya mtaa, na Jumamosi kuna harusi."

Haya, asante ndugu!

Truphosa aliweka mwiko chini. Sijaona mtu mweusi akapauka vile. Kasema yeye ndiye anayetunza vyombo vya kanisa kwao. Mwanawe angemfanyia hivi, asingejua aingie kanisani na uso gani. Akanyoosha mkono, akataka simu yangu, akampigia Mama.

Kumbe fundi alikuwa amekwishafungua! Mama alikuwa amesimama ndani ya stoo wakati huo huo, akitazama kiti changu. Truphosa akaenda na simu chini ya mwarobaini. Robo saa. Nikamwona anainamisha kichwa. Kisha nikamwona anacheka. Mara mbili! Kicheko kile kilinitisha kuliko mambo yote.

Alinirudishia simu ikiwa ya moto. Vyombo vitafika Ijumaa asubuhi. Siku za mwisho watapikia sufuria ndogo za shule, kwa zamu. Nikauliza Mama kasemaje.

"Kasema urudi nyumbani ule."

Hilo tu.

Jumatano, 13 Agosti

Siku mbili, Mama hajanigombeza. Nilitayarisha majibu kumi na moja. Hayana kazi.

Chakula naletewa stoo, kwenye kile kiti kimoja. Alawiya husema nami kupitia Hanin. Nilipoomba chumvi, Hanin kashuka na jibu: mama anasema chumvi iko juu, huku ambako bado kuna vitu.

Asubuhi nimemfuata Mama akipepeta mchele. Nikaomba msamaha. Nikasema sikujua. Aliendelea kupepeta. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mimi nilipewa na watu, Salem. Nilipewa nikaambiwa: weka."

Akarudi kwenye mchele wake. Afadhali angenipiga na ungo.

Ijumaa, 15 Agosti

Pikapu imefika saa mbili. Wekesa kwenye usukani, Truphosa pembeni yake, akina mama sita nyuma na vyombo. Kumbe mtaa mzima ulikwishajua! Wanawake walikuwa wamejipanga barazani kwa mabuibui yao, kimya, kama wanaopokea maiti.

Wekesa akafunua turubai.

Yanang'aa! Masufuria manane yanang'aa kama sarafu! Akina mama wa Voi, kwa shukrani, wameyasugua siku nzima kwa mchanga na majivu. Masizi ya miaka hamsini yametoka yote. Wanawake wa barazani wakainuka wote. Truphosa akaanza kuuliza kwa hofu kama wamekosea.

Mama akashuka ngazi. Akaligeuza sufuria la kwanza, akainama. Kitakoni kulikuwa na maandishi, yamechorwa kwa ncha ya msumari. Akayafuata kwa kidole. Jina la bibi yangu! La pili, jina la mamake Gharib. Majina ya wanawake wote waliochanga, kila sufuria na wake, yalikuwa chini ya masizi na hakuna kati yetu aliyejua.

Sufuria la nane, Mama alisoma. Akasoma tena. Nikainama nami. Yaliandikwa maneno matatu tu: *Ummukulthum, bi harusi.*

Walilinunua mwaka aliposhuka kwenye nyumba hii, wakaliandika jina lake, wala hawakumwambia. Miaka hamsini analipikia watu! Mama akakaa pale pale sakafuni, akalia na buibui usoni. Truphosa akakaa karibu naye, akamshika goti. Hawa wanawake wawili walikuwa hawajapata kuonana maishani mwao.

Mimi nilikuwa na vumbi machoni.

Jumamosi, 16 Agosti

Harusi. Pilau ya watu mia tano. Truphosa hakurudi Voi. Alisimama na Mama juu ya sufuria tangu alfajiri, wakibishana kuhusu bizari. Mama amekubali kushindwa! Sijawahi kuona.

Gharib alimkalisha Wekesa mbele kabisa, karibu na bwana harusi. Fahmi alikula masinia mawili kisha akatafuta pa kuketi kwa uangalifu wa mtu mwenye njaa ya viti.

Mimi nimepewa kazi ya kuosha. Masinia sitini, mara mbili. Katikati ya kazi Mama alipita, akaniona mikono imejaa sabuni, akanitia kipande cha nyama mdomoni kama mtoto. Nimesamehewa. Nusu.

Alawiya naye ameanza kusema nami mwenyewe. Kasema: sogea.

Jioni akina mama wa kanisa wakatoa zawadi kwa mtaa: masufuria mawili mapya. Makubwa kuliko yale! Nimeyabeba mimi. Stoo sasa ina masufuria kumi, na kiti changu kimetolewa nje.

Jumapili, 17 Agosti

Nimetafakari sana. Nimepata somo, nami si mtu wa kuona haya kukiri. Vyombo vina wenyewe. Sitagusa tena sufuria, sinia wala kikombe.

Kosa langu lilikuwa kutazama vitu vikubwa. Kumbe kinachojaza nyumba ni karatasi!

Nimeligundua leo baada ya chai. Juu ya kabati la nguo la Mama kuna mkoba wa ngozi wa marehemu Baba, umefura, umefungwa kwa kamba. Ndani ni karatasi tu! Za manjano, zimekunjwa, Kiingereza cha zamani, hakuna aliyezifungua tangu nikiwa shuleni. Nimefanya haraka, kabla ya mtu kutokea na kuniuliza jambo moja mara tatu.

Muuza njugu wa pembeni mwa msikiti alizipokea kwa mikono miwili. Alisikitika kwamba karatasi za siku hizi ni laini, hazikunjiki vizuri. Hizi, alisema, zinasimama zenyewe. Akanifungia njugu za bure papo hapo kwa mojawapo.

Nimezila nikirudi. Tamu, bado za moto. Na karatasi nzuri kweli, nzito: ina muhuri mwekundu, saini mbili, mchoro mdogo wa kiwanja na barabara yetu, na jina la babu yangu limeandikwa kwa hati ya kupendeza.

Nimeikunja, nimeitupa pipani. Mtaa nao lazima uwe safi.